Siku Saba Hazitoshi Kumrejesha Mwana



Wapenzi wasomaji, juma lililopita, baada ya darasa la akina mama, mama mmoja mtu mzima alinivuta kando akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Aliniambia: "Mwanangu, serikali ikiwa vitani na watu wa msituni, kisha ikasema inasimamisha bunduki ili wanaotaka kujisalimisha watoke, huo ni udhaifu au ni hekima? Maana wako wasemao kuwa ni kumpa adui nafasi ya kuvuta pumzi." Nilimwomba anipe wiki moja. Haya ya leo ndiyo majibu yangu kwake, na kwa kila nyumba inayojiuliza swali hilo kimyakimya.

Sikutaka kumjibu kwa maneno matupu. Nimeona heri tutazame vita vya jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda, kwa kuwa huko njia zote mbili zilijaribiwa, ya kusitisha mapigano na ya kushambulia, na matokeo ya kila njia yanajulikana.

Kundi la waasi la Lord's Resistance Army, yaani LRA, chini ya Joseph Kony, lilianza vita vyake katika nchi ya Waacholi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengi wa wapiganaji wake hawakujiunga kwa hiari. Kundi hili liliteka watoto zaidi ya 20,000 katika miaka ya vita. Wavulana walifunzwa kuua, na wasichana waligawiwa makamanda kuwa wake zao. Tuliweke hili moyoni tangu mwanzo: aliyeitwa adui wa msituni mara nyingi alikuwa mtoto wa mtu, aliyetolewa kitandani usiku kwa mtutu wa bunduki.

Nafasi ya kwanza kubwa ya suluhu ilikuja kwa mkono wa mwanamke. Bi Betty Bigombe, aliyekuwa waziri na mwenyewe Mwacholi, aliingia msituni akakutana na Kony uso kwa uso. Mwanzoni mwa mwaka 1994 waasi waliomba miezi sita ya kuwakusanya watu wao. Serikali ilishuku kwamba muda huo ulitakwa ili wapate silaha kutoka Khartoum, na shuku hiyo haikuwa bure, kwani serikali ya Sudan ya wakati ule ilikuja kuwa mfadhili mkubwa wa LRA. Mwezi Februari Rais Museveni akawapa siku saba wajisalimishe au wakabiliwe na jeshi. Siku saba zikapita, mazungumzo yakavunjika, na vita vikaendelea kwa miaka mingine kumi na miwili.

Ndani ya miaka hiyo, usiku mmoja wa Oktoba 1996, waasi walivamia shule ya wasichana ya St Mary's huko Aboke wakawachukua wasichana 139. Naibu mwalimu mkuu, mtawa wa Kitaliano aitwaye Sista Rachele Fassera, aliwafuata kwa miguu hadi porini akawasihi wawaachilie. Walimrudishia 109. Thelathini wakabaki mikononi mwa waasi.

Miongoni mwa wazazi wa wale thelathini alikuwamo mama mmoja mkunga, Angelina Atyam. Yeye na wazazi wenzake waliunda jumuiya ya kudai watoto wote waliotekwa warudishwe, wala si wa Aboke peke yao. Sauti yao ilipofika mbali, waasi walimtumia ujumbe: anyamaze, naye atarudishiwa binti yake. Alikataa. Alisema kila mtoto aliyeko msituni ni mtoto wake, na kama hawatoki wote, hawezi kununua mmoja kwa kimya chake. Binti huyo alirudi mwaka 2004, baada ya karibu miaka minane, akiwa na watoto wawili. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; basi na tumsikilize mzazi huyu. Wazazi hao hawakudai damu. Walidai msamaha kwa watakaotoka, kwa sababu waliijua hesabu ambayo wengi mijini hawakuijua: risasi inayorushwa msituni haimtambui kamanda na mtoto aliyetekwa.

Sauti ya wazazi iliungana na ya viongozi wa dini wa Acholi, ambao mashekhe, mapadri na maaskofu wao walikaa jamvi moja. Mwaka 2000 Sheria ya Msamaha ikaanza kutumika Uganda. Aliyeacha silaha na kujisalimisha hakushtakiwa kwa kosa la uasi. Alipewa cheti na kusaidiwa kurudi kwao. Redio ya Gulu ikawaweka waliorudi kwenye kipaza sauti, wakawaita wenzao kwa majina na kwa lugha ya nyumbani: njooni, sisi tuko hai, hatukuuawa. Kwa miaka iliyofuata, watu zaidi ya 26,000 walipokea msamaha huo, na takriban nusu yao walitoka LRA. Hakuna shambulio lolote la jeshi lililowatoa watu wengi kiasi hicho msituni wakiwa hai.

Kisha tukafika mwaka 2006. Mazungumzo yalifunguliwa Juba mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti serikali na waasi wakatia saini kusimamisha uhasama. Jeshi lingesimama, na waasi wangepewa njia salama hadi vituo viwili kusini mwa Sudan, Owiny-Ki-Bul na Ri-Kwangba, ndani ya majuma matatu. Haukuwa mkataba wa malaika. Waasi walilalamika kwamba jeshi lilikizingira kituo kimoja, na waangalizi waliona kwamba pande zote mbili zilivunja masharti. Hata hivyo bunduki zilinyamaza kaskazini mwa Uganda. Watu waliojazana kambini, ambao wakati mmoja walikaribia milioni mbili, walianza kurudi mashambani mwao. Watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu kwa kuogopa kutekwa walianza kulala kwao. Tangu wakati huo LRA haikurudi tena kupigana ndani ya Uganda.

Ningeweza kuishia hapo, nikamwambia yule mama kwamba jibu ni hekima, tukasalimiana. Lakini insafu yataka tusimulie yote. Kony mwenyewe hakutoka. Alijichimbia katika mbuga ya Garamba, Kongo, akipokea vyakula vilivyoletwa kwa ajili ya mazungumzo, na mapema mwaka 2008 watu wake wakawa wanateka raia hata Jamhuri ya Afrika ya Kati. Aprili mwaka huo alingojewa atie saini mkataba wa mwisho, hakutokea. Alikuwa na hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na hakuamini kwamba karatasi ya Juba ingemkinga nayo. Wasemao kuwa adui hupumua wakati wa suluhu hawasemi uongo. Waacholi walipata usingizi. Waliolipa sehemu ya gharama ni wanavijiji wa nchi nyingine ambao hakuna aliyewauliza.

Je, shambulio lilifanya vyema zaidi? Tarehe 14 Desemba 2008 majeshi ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini yalianza operesheni, na ndege zikashambulia kambi za Garamba, ambamo walikuwamo pia wanawake na watoto waliotekwa. Kony hakupatikana. Siku kumi baadaye vikundi vyake vilivyotawanyika viliingia vijiji vya kaskazini mashariki mwa Kongo wakati wa Krismasi na kuua mamia ya watu, kwa kuwa hakuna jeshi lililowekwa kuvilinda. Basi suluhu isiyolinda majirani ina gharama, na shambulio lisilolinda majirani lina gharama kubwa zaidi.

Sasa tuitazame dini yetu, maana jambo hili si geni kwake. Katika Suratul Maida, aya ya 33 na ya 34, baada ya kutajwa adhabu kali za wanaopiga vita na kueneza uharibifu katika ardhi, Mwenyezi Mungu amewatoa wale waliotubu kabla ya kutiwa nguvuni. Zingatieni neno "kabla". Haliwezi kuwa na maana ikiwa hakuna mwanya wa kutoka. Na katika Suratul Anfal, aya ya 61, tumeamrishwa kuielekea amani pale upande wa pili unapoielekea, na aya inayofuata inazungumzia uwezekano wa kuhadaiwa. Quran haikudai kuwa hila haipo. Imetufunza kwamba khofu ya hila peke yake si hoja ya kuukataa mkono wa amani.

Vitabu vya tarehe vyasimulia kwamba Sayyidna Ali, katika mwaka wa 38 Hijria, alipokabiliana na Khawarij pale Nahrawan, hakuanza kwa upanga. Alimpa Abu Ayyub al-Ansari bendera ya amani, na ikanadiwa kwamba ajaye chini yake yu salama, na aondokaye kurudi Kufa yu salama. Wengi wakaondoka, na vita vikapiganwa na waliobaki.

Nanyi dada zangu, msisahau kisa cha Ummu Hani siku ya kufunguliwa Makka. Alimpa hifadhi mtu wa upande wa mumewe, na Ali, nduguye wa damu, akataka kumuua mtu yule. Ummu Hani akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kushitaki, naye Mtume akaipitisha hifadhi yake: aliyepewa amani na Ummu Hani amepewa amani na Waislamu wote. Neno la mwanamke mmoja mlangoni pake liliheshimiwa na jeshi zima lililokwisha kushinda.

Nayasema haya nikijua tunaishi wapi. Baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa wa tarehe 2 Aprili 2015, uliochukua roho 148, serikali yetu ilitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda kujiunga na Al-Shabaab watakaorudi na kujitambulisha. Muda wa awali ulikuwa siku kumi. Ulitangazwa kwa kauli ya waziri, si kwa sheria ya Bunge kama Uganda. Hapa Pwani wazazi waliisikia kauli ile wakajiuliza: nimpeleke mwanangu wapi, nani atampokea, na akishapokewa, nitamwona tena? Mwezi Septemba mwaka uleule ikaanza operesheni ya msitu wa Boni kule Lamu. Simtetei yeyote aliyemwaga damu ya wasio na hatia, na familia za Garissa zina haki ambayo hakuna mwingine anayeweza kuisamehe kwa niaba yao. Nasema tu kwamba mzazi asiyepata jibu la maswali yale matatu hawezi kumtoa mwanawe, hata siku zingekuwa mia.

Basi mama yangu, jibu langu ni hili. Serikali na isimamishe operesheni kwa ajili ya wanaotaka kutoka, bali isidhani kwamba kutaja tarehe ndiko kufungua mlango. Muda na utoshe, kwa kuwa aliye porini hana redio kila siku, na anayetoroka hutoroka usiku, akimkwepa kamanda wake kwanza na jeshi baadaye. Pawepo mahali pa kupokelewa panapojulikana, na mashahidi wasio wanajeshi: mashekhe, viongozi wa dini nyingine, wazee na wazazi. Ahadi iandikwe katika sheria, kwani ahadi ni deni, na kijana mmoja akijisalimisha kisha akapotea, ameufunga mlango kwa mia walio nyuma yake. Wakati bunduki zimenyamaza msituni, jeshi lilinde vijiji vya pembeni, ili pumzi ya waasi isiwe kilio cha wengine.

Na msamaha usiwachanganye waliotekwa na waliowateka. Mstari huo si mwepesi kuuchora. Dominic Ongwen wa LRA alitekwa akiwa mtoto mdogo akienda shule, akakulia msituni hadi akawa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani na kumhukumu miaka 25. Majaji waliyatazama yote mawili, udogo aliotekwa nao na ukubwa aliotendea. Na sisi tuyatazame yote mawili.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo serikali haiwezi kuitenda, nayo ni yetu. Sheria humtoa kijana msituni, lakini anayemrudisha nyumbani ni jirani anayemwitikia salamu, fundi anayekubali kumfunza kazi, na wanawake wasiomcheka binti aliyerudi na mtoto asiyekuwa na baba wa kutajwa. Wengi wa mabinti wa kaskazini mwa Uganda walisema baadaye kwamba matusi ya mtaani yaliwauma kama yale ya msituni. Tusije tukaomba mlango ufunguliwe serikalini, kisha tukaufunga wenyewe kwenye vibaraza vyetu.

Mwenyezi Mungu awarudishe waliopotea, awape subira waliofiwa, na azilinde nyumba zetu na fitina ya dhahiri na ya siri. Amin.

Wabillahi tawfiq.