Mwongozaji wa Mchezo Asipande Jukwaani

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema neno juu ya chama chetu cha michezo ya kuigiza. Tumezoea hapa shuleni kwamba anayechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama ndiye anayeongoza mchezo, na ndiye huyo huyo anayejipa sehemu kubwa kuliko wenzake wote. Desturi hii ni ya siku nyingi, na walioifuata hawakuifuata kwa ubaya. Lakini naiona kuwa ndiyo inayotuharibia michezo. Na kwa kuwa chama kimekusudia kucheza Kinjeketile siku ya mahafali yetu ya mwezi wa Oktoba, yafaa jambo hili lisemwe sasa, kabla sehemu hazijagawanywa.

Wengi hudhani kazi ya mwongozaji ni kuwaita watu mazoezini na kuwakemea wanaochelewa. Kazi hiyo hata kiranja wa zamu aiweza. Kazi yake hasa huonekana tukikumbuka jinsi sisi tunavyojifunza michezo. Vitabu ni vichache, wachezaji ni wengi. Basi kila mmoja hunakili maneno yake katika daftari, pamoja na neno la mwisho la yule anayemtangulia, kisha hulikariri daftari hilo bwenini mpaka taa zinapozimwa. Matokeo yake ni kwamba mchezaji hujua sehemu yake tu. Hajui kwa nini mwenzake analia, wala kama yeye ni mtu mwema au mbaya katika hadithi nzima.

Msidhani huu ni umaskini wetu peke yetu. Huko Uingereza wakati wa Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita, wachezaji walifanya vivyo hivyo: kila mmoja alipewa karatasi ya maneno yake tu, na kitabu kizima kilikaa kwa mtu mmoja nyuma ya jukwaa. Wao walikuwa mafundi waliocheza pamoja mwaka hata mwaka, nao waliweza kuelewana bila mwongozaji kama tumjuavyo leo. Sisi tunakutana majuma sita, na nusu ya wachezaji hawajawahi kupanda jukwaani. Lazima awepo mtu mmoja anayebeba mchezo wote kichwani mwake. Mtu huyo akiwa pia anahangaika kukariri kurasa arobaini za maneno yake mwenyewe, mchezo wote haubebwi na mtu.

Tena kuna jambo la macho. Jukwaa letu ni meza za bwalo zilizounganishwa, na watazamaji hukaa kwenye mabenchi yaliyopangwa kutoka mbele hadi dirisha la jiko. Aliye juu ya meza hawezi kujua anaonekanaje na aliyekaa benchi la mwisho. Mwaka jana mfalme wa mchezo wetu, ambaye ndiye aliyekuwa mwongozaji, alisimama katikati akatoa hukumu kwa sauti ya kupendeza sana. Lakini mshitakiwa, ambaye alipaswa kutetemeka na kuanguka, alianguka nyuma ya joho la mfalme. Wazazi waliotoka Rulenge na Nyakahura wakawa wanaulizana kama yule kijana amekufa au ameondoka. Hakuna aliyekuwa amekaa nyuma ya bwalo hata siku moja ya mazoezi ili aone jambo hilo.

Na mvua je? Sote twajua mvua za Oktoba zinavyopiga mabati huku kwetu. Hata mwalimu wa zamu akitangaza habari za maji hasikiki. Mwongozaji aliyekaa chini atajua ni sehemu zipi za mchezo zaweza kueleweka kwa vitendo bila maneno, naye atawafundisha wachezaji kungoja, wasimame kimya na kutazamana, mpaka mvua ipungue. Mchezaji hawezi kujiamulia kungoja katikati ya mchezo. Akijaribu, mwenzake atafikiri amesahau na atamtajia maneno.

Najua nitajibiwa kwamba wazee wetu hawakuwa na mwongozaji. Katika ngoma kiongozi yumo ndani, anapiga au anacheza pamoja na wengine, na ngoma inakwenda vizuri. Ni kweli, nami sina dharau na ngoma. Lakini ngoma ina mdundo unaomshika kila mtu mkono, tena wachezaji wameiona tangu utotoni, na watazamaji wamewazunguka pande zote. Mchezo wa kuigiza hauna mdundo wa kutushika. Mtu mmoja akiharakisha na mwingine akikokota, hakuna ngoma ya kuwarudisha pamoja.

Sasa nije kwenye Kinjeketile, maana hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mchezo huu wa Ebrahim Hussein, uliochapwa mwaka 1969, unahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Sisi tunaopita karibu na boma la Wajerumani pale Biharamulo hatuhitaji kuambiwa sana utawala wao ulikuwa nini. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka, anawapa watu maji ya kuwaunganisha. Baadaye anashikwa na shaka kubwa: je, roho ya Hongo ilisema naye kweli, au ilimtumia? Hata hivyo mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji ni uongo.

Je, anakataa kwa sababu anaamini? Au haamini tena, lakini anajua kwamba neno alilowapa watu limekuwa kubwa kuliko yeye, na kwamba akilikana wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walipigana bure? Mimi naelekea upande wa pili, na nimebishana juu ya jambo hili bwenini hata kuitwa mkaidi. Lakini ubishi huo si wa jukwaani. Kinjeketile akicheza kama mtu mwenye shaka, na rafiki yake Kitunda akamjibu kama mtu anayezungumza na nabii asiyetikisika, watazamaji wataona watu wawili kutoka michezo miwili. Mwongozaji hana budi kuamua mapema, naye aamue kwa kuufikiria mchezo mzima. Anayecheza Kinjeketile mwenyewe ataamua lile litakalompendeza Kinjeketile. Nami sijaona mchezaji asiyependa kupigiwa makofi.

Tena mchezo huu una watu wengi wa makabila mbalimbali ya kusini, wasioaminiana mwanzoni. Hapa kwetu mara nyingi kundi la watu ni wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaosimama kama mistari ya asubuhi na kucheka wakiona rafiki zao. Ujerumani katika miaka ya 1870 palikuwa na mtawala mmoja, Georg wa Saxe-Meiningen, ambaye kikundi chake cha michezo kilisifiwa Ulaya kwa jambo hili hasa: katika kundi lake kila mtu alikuwa na jambo lake la kufanya. Yeye mwenyewe hakucheza. Alitazama na kupanga. Chama chetu chaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote: mmoja abebe mtoto, mwingine asiliamini lile chupa la maji, wa tatu amwonee wivu Kinjeketile. Na wale wenye lafudhi ya Kihangaza, ya Kisubi au ya Kisukuma waachwe waseme walivyo, maana ndivyo watu wa mbali wanavyosikika wanapokutana.

Simtaki kwa hayo mwongozaji dikteta. Hapo nawakubali wanaosema kwamba mtu mwenye kitabu huvimba kichwa. Katika kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru huko Kenya, wakulima na wafanyakazi walicheza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977, mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Mwongozaji wake alikuwa Kimani Gecau. Mazoezi yalifanywa hadharani. Wanakijiji walikuja, wakasahihisha lugha, wakaonyesha jinsi mambo yalivyotendeka hasa. Serikali ya Kenya iliuzuia mchezo huo mwezi wa Novemba mwaka huo huo, baada ya majuma machache tu. Mwongozaji wa pale alisikiliza watu wengi kuliko wote katika kijiji, na bado kazi ya kupanga ilikuwa yake.

Basi maoni yangu ni haya. Mwenyekiti aendelee kuwa mwenyekiti, na akipenda kucheza acheze. Mwongozaji achaguliwe peke yake, kutoka kidato cha tatu, asiwe na sehemu hata ya kubeba mkuki. Wako wasichana wawili katika kidato hicho ambao husahihisha maneno ya wachezaji kutoka kwenye benchi kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini wanakumbuka mchezo wote. Mwalimu mlezi atusaidie kuzuia kugombana, lakini asituongozee, kwa kuwa yeye ana vipindi na sisi tunataka kujifunza.

Uchaguzi wa chama ni Jumamosi ya kwanza baada ya likizo. Sisi wa kidato cha nne hatutapiga kura wala hatutacheza, maana tuna mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Tutakaa pamoja na wazazi wetu na kutazama. Naomba tu kile kitabu kizima cha Kinjeketile, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi, kisipewe mtu yeyote kwenda nacho likizo ila yule atakayekuwa tayari kukisoma chote na kukaa benchi la mwisho.