Maktaba za Kisii na Nyamira zisiishie kwenye mtihani

Ni maeneo machache humu nchini yanayoithamini elimu kama Kisii na Nyamira. Mzazi wa huku yu radhi kuuza ng'ombe au kukodisha kipande cha shamba la majani chai ili mwanawe asikose karo. Hata hivyo, mapenzi hayo ya elimu yamegeuka, kwa kiasi kikubwa, kuwa mapenzi ya mtihani. Kitabu husomwa kwa kuwa kitatahiniwa, na mtihani ukiisha, kitabu nacho huwekwa kando.

Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, yalizua mjadala mkali kuhusu shule za eneo hili, na kamati ya elimu ya Bunge la Taifa ikafanya uchunguzi. Wapo waliotetea matokeo hayo na wapo waliyoyatilia shaka. Lakini pande zote mbili zilizungumzia jambo moja tu, nalo ni alama. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza iwapo watahiniwa hao wangali wanasoma leo.

Swali hilo ndilo linalotupeleka kwenye maktaba za umma. Wakati wa likizo viti vya maktaba hujaa vijana waliokuja na vitabu vyao wenyewe. Wanachotafuta si kitabu kilicho rafuni, bali meza, taa na utulivu ambao nyumbani haupo. Hawana kosa, na mkutubi anayewafungulia mlango anatenda wema. Lakini maktaba ikikoma hapo, imekuwa ukumbi wa kudurusu tu. Mtoto ambaye hajaanza shule haoni nafasi yake humo, na mkulima aliyemaliza shule miaka thelathini iliyopita haoni sababu ya kuingia.

Tangazo la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2022, linasema huduma hizi ni za watu wote bila kujali umri. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo haikunyamaza. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali iendeleze utamaduni kupitia fasihi, machapisho na maktaba, miongoni mwa njia nyingine. Aidha, Jedwali la Nne linaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Kwa hivyo, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mkazi wa Kisii au Nyamira anayetaka kujua kwa nini rafu hazina vitabu vipya hana haja ya kuelekeza kidole Nairobi. Shirika la maktaba la kitaifa, KNLS, ndilo lililoanzisha maktaba ya umma mjini Kisii, lakini wajibu wa kikatiba wa kuwafikishia wananchi huduma hii sasa uko mikononi mwa kaunti.

Tatizo ni kwamba maktaba haina mshindo wa kisiasa. Barabara huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, na zahanati hukatiwa utepe. Kitabu alichoazima bibi mmoja wa Nyamache hakipigiwi picha. Ndiyo maana bajeti inapobana, vitabu huwa vya kwanza kukatwa, na hakuna anayeandamana.

Wapo watakaodai kwamba wananchi wenyewe hawapendi kusoma. Dai hilo halina mashiko. Biblia nzima ya Ekegusii ilichapishwa mwaka 1988, na hadi leo wazee kwa vijana huisoma kanisani na majumbani. Watu hao wanajua kusoma lugha yao na wanapenda kuisoma. Wanachokosa ni kitu kingine cha kusoma baada ya Biblia na kitabu cha nyimbo.

Isitoshe, vitabu kuhusu Abagusii wenyewe vipo. William Ochieng' aliandika historia yao ya kabla ya ukoloni, iliyochapishwa mwaka 1974. Robert LeVine na mkewe Barbara walichapisha mwaka 1966 utafiti wao kuhusu maisha na malezi ya watoto katika jamii moja ya Gusii. Robert Maxon alitoa mwaka 1989 kitabu kuhusu Abagusii na Waingereza kati ya mwaka 1907 na 1963. Mwaka 2006 yeye na John Akama, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Kisii, walihariri kitabu kuhusu utamaduni wa jamii hii.

Vyote hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na baadhi vilichapishwa ng'ambo. Kijana wa Ogembo anayetaka kujua kisa cha Otenyo, aliyemchoma mkuki afisa wa kikoloni Northcote mwaka 1908, au habari za Moraa na mtabiri Sakawa, hategemei kitabu. Humtegemea babu, na babu hadumu milele.

Hapa ndipo maktaba inapoweza kufanya kazi isiyofanywa na shule. Kwanza, itoe orodha ya vitabu inavyopendekeza kwa kila umri na kuibandika mlangoni, sokoni na kanisani. Watoto wadogo wasomewe hadithi kwa sauti Jumamosi. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, unatoa bure hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kiafrika, na zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi bila kumlipa mtu haki ya kuzitumia. Mtaala wa umilisi unataka watoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wajifunze lugha za kwao, na mwalimu asiye na vitabu vya kutosha angepata msaada hapo.

Kijana aliyemaliza shule naye asiambiwe kwamba riwaya ni mali ya watahiniwa. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, iliyoteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za upili, inazungumzia ukabila na uongozi. Mpiga kura ana haja ya mambo hayo kuliko mtahiniwa. Kikao cha wasomaji mara moja kwa mwezi hakigharimu zaidi ya viti na chai.

Wazee nao wasialikwe kusoma tu, bali waalikwe kusimulia. Simulizi zao zirekodiwe, ziandikwe kwa Ekegusii na Kiswahili, kisha nakala ziwekwe rafuni. Kwa njia hiyo maktaba itakuwa imezalisha kitabu badala ya kungoja msaada.

Pili, vitabu viwafuate wasomaji. KNLS ilipoanza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, ilikubali kwamba asiyefika maktabani anaweza kufikiwa na maktaba. Huku kwetu kazi ni nyepesi zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, wote wakiishi katika eneo la takribani kilomita mraba 2,200. Sanduku la vitabu likibebwa kwa bodaboda hadi kituo cha kununulia majani chai, soko la Keroka au Nyansiongo, litakuwa limewafikia wengi kwa siku moja.

Lakini hayo yote yanahitaji fedha, na fedha za kaunti zina msimu wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya kupitishwa, sheria inataka wananchi washirikishwe. Katika vikao hivyo watu husimama kudai barabara, maji na dawa, na wana haki ya kufanya hivyo. Ni nani husimama kudai vitabu?

Anayetaka maktaba aende kwenye kikao hicho na dai moja mahususi, si malalamiko ya jumla. Aulize ni shilingi ngapi zimetengewa ununuzi wa vitabu pekee, mbali na mishahara na ukarabati wa jengo. Diwani akishindwa kujibu, wananchi watakuwa wamepata jibu.

Karo inayolipwa kwa kuuza ng'ombe ni gharama kubwa mno kwa mapenzi ya kitabu yanayodumu miaka minne tu. Wahenga walisema elimu haina mwisho. Kaunti za Kisii na Nyamira zithibitishe kauli hiyo kwa bajeti zao.