Gandhi wa sinema na mke aliyesukumwa mlangoni



Hivi karibuni vijana wa parokia walikusanyika ukumbini kutazama filamu ya “Gandhi”, iliyoongozwa na Richard Attenborough mwaka 1982 na kushinda tuzo 8 za Oscar. Niliwadokeza kuwa mwigizaji mkuu, Ben Kingsley, ana asili ya huku kwetu pia: babu yake mzaa baba alifanya biashara ya viungo Zanzibar. Wakacheka, wakatulia.

Ukumbi ulinyamaza kabisa lilipofika tukio la Dharasana, mwaka 1930. Wanaume wanasogea mstari kwa mstari kuelekea ghala la chumvi la serikali ya kikoloni. Wanapigwa marungu vichwani, wanaanguka, na wengine wanashika nafasi zao bila kuinua mkono. Taa zilipowashwa, kijana mmoja akasema: “Padre, huyo alikuwa mtakatifu. Sisi ni watu wa kawaida.” Wenzake wakaafiki.

Sikuwa na jibu la haraka. Hiyo ndiyo hatari ya picha nzuri. Uso wa Gandhi uko kwenye noti za India, kwenye sanamu, hata kwenye matangazo ya kompyuta. Mtu tukishamweka juu kiasi hicho, tunamsifu badala ya kumfuata.

Lakini filamu hiyo ina tukio fupi ambalo vijana wengi hawakulikumbuka. Akiwa Afrika Kusini, Gandhi anagombana na mkewe, Kasturba, kwa sababu ya kusafisha choo. Anamshika kwa nguvu, anamburuta mlangoni ili amtoe nje. Kisha anaona aibu. Jambo hilo halikubuniwa na watengeneza filamu. Gandhi mwenyewe alilisimulia katika kitabu cha maisha yake. Mtume wa amani alianza safari yake akiwa na mikono kama yetu.

Yapo pia ambayo filamu iliyaacha. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika, na kwa sababu hiyo sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana Desemba 2018. Uchungu kati yake na mwanawe wa kwanza, Harilal, ulisubiri filamu nyingine, ya mwaka 2007. Anayempenda Gandhi hana sababu ya kuyaficha haya. Kanisa halimfichi Petro: kila Ijumaa Kuu tunasoma mbele ya waamini wote jinsi alivyochomoa upanga bustanini, na usiku ule ule akamkana Bwana.

Katika Injili ya Mathayo (5:38-48) Yesu anatuagiza tugeuze shavu la pili na kuwapenda adui zetu. Gandhi, Mhindu, aliisoma Hotuba hiyo ya Mlimani ikamgusa sana. Sisi tuliobatizwa tunaisikia, tunaitika, tunarudi nyumbani. Na huko nyumbani, ndugu yangu, mkono wako unafanya nini?

Nami niungame. Miaka ya nyuma mama mmoja aliyekuwa akipigwa na mumewe alinijia. Nilimwambia avumilie, abebe msalaba wake. Nilidhani nahubiri shavu la pili. Nilikosea. Wale wa Dharasana walichagua wenyewe kusimama mbele ya marungu, mchana kweupe, mbele ya waandishi wa habari, ili uovu uonekane na ukome. Mimi nilimrudisha mama yule chumbani akaufiche. Kukataa kulipiza kisasi si kukaa kimya. Anayepigwa ana haki ya kusema, kuondoka na kusaidiwa, na mapadre tuwe wa kwanza kumfungulia mlango.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Nikamwambia: umesema kweli, wewe ni mtu wa kawaida. Petro alikuwa wa kawaida, na yule mume aliyemburuta mkewe mlangoni alikuwa wa kawaida. Tofauti ilianza siku alipoona aibu, akaisema, akabadilika. Hilo halihitaji utakatifu wa kuzaliwa nao. Linahitaji kuanza leo, kabla ya chakula cha jioni.

Nawatakia Dominika njema.