Ukimpata Babu Kwenye Kompyuta, Andika Ulikompata

Kijana wa Kisii au Nyamira aishiye Nairobi hahitaji tena kungoja likizo ya Desemba ili aanze kuutafuta ukoo wake. Huketi mbele ya kompyuta, huandika jina la babu, na mara majina kumi hujitokeza. Hapo ndipo taabu huanza. Abagusii humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki, kwa hivyo jina moja huzunguka ukooni kizazi baada ya kizazi. Utajuaje kwamba huyu ni babu, wala si mjukuu aliyerithi jina lake?

Fahamu kwanza kwamba orodha ya kompyuta si waraka wenyewe. Mtu fulani, au siku hizi mashine, alisoma waraka wa zamani akanakili jina, mwaka na mahali. Anayenakili hukosea. Palipo na picha ya waraka, ifungue uisome kwa macho yako.

Chukua Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1899. Matoleo yake mengi yamepigwa picha na kuwekwa katika Google Books. Humo mna matangazo ya mirathi, yakiwemo ya Mahakama Kuu ya Kisii, yanayotaja marehemu, tarehe ya kifo na jamaa walioomba kusimamia mali. Ukilipata tangazo la babu, andika daftarini tarehe ya toleo, nambari ya tangazo, ukurasa na nambari ya kesi, kisha anwani ya tovuti na siku ulipolisoma. Anwani peke yake haitoshi. Tovuti huhama na nyingine hufungwa, lakini tarehe na nambari zitamwezesha mwanao kulipata tangazo lilo hilo maktabani.

Ikiwa umeona orodha tu bila picha, sema hivyo.

Tena, usisahihishe majina. Nyaraka za kikoloni huandika Kitutu, Majoge na Wanjare, ilhali nyumbani twasema Getutu, Machoge na Abanchari. Mtu wa Nyamira ya leo huenda ameandikwa chini ya Kisii au South Kavirondo. Nakili kama ilivyo, kisha weka maelezo yako kando.

Huu si usumbufu wa bure. Kwa Abagusii, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na kwa desturi shamba la mume wa wake wengi hugawanywa kwa kufuata nyumba ya kila mama. Jina moja lililonakiliwa vibaya laweza kuvunja posa au kuwafikisha ndugu mahakamani. Maneno ya nyanya nayo yaandike vivyo hivyo: aliyesema ni nani, wapi na lini.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo nao ni mali.