Chetezo Kina Jina la Staa, Mfinyanzi Je?

Haya wadau, vyetezo vya udongo vimezua balaa mitandaoni! Yule dada wa mapambo ya ndani, mwenye wafuasi kibao, kaachia mzigo mpya: vyetezo vyenye sura za miungu ya Wamaya, vimetengenezwa kwa mkono huko Mexico. Picha kali, moshi unapanda taratibu, mashabiki wanagombania. Kitakoni kuna jina moja tu, lake. Wakosoaji nao wakaja juu: kaiba utamaduni!

Jamani, hapo kwenye kuiga anaonewa. Kuiga hakujaanza leo. Huko Teotihuacan, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kulikuwa na karakana iliyotoa mapambo ya vyetezo kwa kalibu, mengi yakifanana kabisa. Na zile nguzo za udongo za Palenque, nyuso zimepangwa moja juu ya nyingine, bakuli la kuchomea kopali likikaa kileleni, nani azione asitamani kufinyanga?

Tatizo lipo kwenye neno "kwa mkono". Mkono wa nani? Pale Amatenango del Valle, Chiapas, wanawake wanafinyanga bila gurudumu, kisha wanachoma vyombo vyao kwa kuni mahali pa wazi. Moto wa namna hiyo hauna adabu, chombo kikipasuka kazi yote imepotea. Anayefinyanga hivyo ndiye anayebeba hasara. Staa anabeba sifa.

Wapo wanaosema sheria ipo. Kweli, tangu 2022 Mexico ina sheria inayotaka jamii za wenyeji ziridhie kabla mtu hajafanyia biashara urithi wao. Safi sana. Lakini ridhaa ya jamii nzima haimtaji mama aliyekaa na udongo tangu asubuhi.

Kinachochekesha ni kwamba kwa Walakandoni wa Chiapas, kila chetezo kilikuwa cha mungu wake maalumu, anajulikana kwa jina. Leo chetezo kina jina la mungu, kina jina la muuzaji, aliyekifinyanga ndiye hana!

Dada hana haja ya kufuta picha wala kuomba radhi kwa machozi. Amlipe mfinyanzi vizuri, halafu jina la mfinyanzi lichorwe kitakoni, juu ya la kwake. Inatosha kijiti tu, kabla udongo haujakauka.

Wadau, mnaonaje? Nani aandikwe?