Msichana wa kwenye picha hana deni



Juma lililopita, kikao chetu kilipokwisha, mama mmoja alibaki na swali. Karibu na pale anapouzia sambaza kuna nganda, na mlangoni wamebandika picha ya msichana karibu uchi, ameshika chupa ya pombe. Watoto wanapita hapo kila asubuhi wakienda masomoni. Kijana wake wa miaka 12 akamuuliza: «Mama, na huyu wanamuuza?» Mama akakosa jibu. Akatuuliza sisi: sheria inasema nini?

Sheria iko. Kifungu cha 175 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kinamwadhibu mtu anayebandika, anayeuza ao anayegawa picha na maandishi yanayovunja adabu. Tena kuna Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003 juu ya haki za wanawake wa Afrika, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 13 kinaagiza serikali zizuie wanawake kutumiwa vibaya katika matangazo ya biashara na katika picha za ngono. Kwa redio na televisheni kuna baraza la CSAC, lililowekwa kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2011.

Lakini sheria ni kama panga: ukilishika vibaya, linakukata mwenyewe. Jirani zetu wa Uganda walipata sheria ya kupinga ponografia mwezi wa Februari 2014. Haikutaja sketi popote, ila ilieleza ponografia kwa maneno mapana, na watu wakaiita sheria ya mini. Mara wanaume wakaanza kuwavua nguo wanawake barabarani, wakisema wanafuata sheria. Wanawake wa Kampala waliandamana. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vikubwa vya sheria hiyo. Hapa kwetu pia, wamama wazee hawajasahau wakati wa Mobutu, mwanamke alipokatazwa kuvaa suruali.

Kwa hiyo tujue tunamlalamikia nani. Mwenye makosa ni yule anayepata faida kwa mwili wa mwanamke: aliyetengeneza picha na aliyeibandika. Msichana wa kwenye picha tusimtukane. Hatujui alilipwa nini, wala kama aliulizwa. Na binti anayepita sokoni na nguo fupi si tangazo la mtu. Tukianza kumzomea yeye, mwenye nganda atacheka na picha itabaki mlangoni.

Tufanye nini?

Twende kwa mwenye mahali tukiwa wengi, watatu ao wanne, tuseme kwa heshima. Wengi wanaondoa picha bila ugomvi, maana wateja wao ni waume zetu na kaka zetu. Akikataa, tuandike picha inaonyesha nini, iko wapi na tuliiona siku gani, tupeleke kwa chifu. Ikishindikana, twende parke.

Kwa simu, tuwe waangalifu zaidi. Picha ya uchi ya msichana ikifika katika kundi la WhatsApp, usiitume mbele, hata kwa kumhurumia. Akiwa mtoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu hata anayeigawa. Kumtumia dada yako «ajionee» ni kugawa. Mwambie aliyeituma aache, kisha mfikie mama wa mtoto huyo, umwendee wewe mwenyewe.

Na yule kijana? Mama yake alirudi na jibu hili: «Hapana, mwanangu. Mtu hauzwi. Wanauza pombe, na wamemtumia yeye ili upite ukitazama. Hata dada yako wasimfanyie hivyo.»

Alhamisi wanne kati yetu tutaenda kumwona mwenye nganda. Juma lijalo tutawaambia alivyojibu.