Garimoshi la Umeme la Mezani

Watoto wa mwambao wa Ziwa Tanganyika huzoea mapema kuunda magari ya waya na mitumbwi ya upongoo wa mchikichi. Mtoto aliyekwisha kupita hatua hiyo anaweza kupewa kazi kubwa zaidi, nayo ni garimoshi dogo linalokwenda kwa umeme. Kazi hii yataka subira, lakini haihitaji fedha nyingi.

Wengi hukata tamaa kwa kudhani kwamba vipuri vyake ni lazima viagizwe Ulaya. Ni kweli kwamba mtu akaaye Magara, kwenye barabara ya Bujumbura na Rumonge, hatavipata dukani. Kilicho kigumu kupatikana hasa ni magurudumu. Katika magarimoshi madogo ya viwandani umeme huingia kwa reli moja na kurudi kwa nyingine. Kwa hiyo magurudumu mawili ya ekseli moja hutenganishwa kwa kihami, na kazi hiyo ni ngumu kuifanya kwa mkono.

Dawa yake ni kufuata treni kubwa zenyewe. Katika Katanga, treni za umeme zilianza mwaka 1952 kati ya Likasi na Tenke. Nchini Tanzania zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Zote hupokea umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu, kwa mkono ulio juu ya paa, na umeme hurudi kwa reli. Fundi wa nyumbani akifanya vivyo hivyo kwa volti 6 tu, reli zote mbili huwa njia moja ya kurudi. Hapo magurudumu ya chuma tupu yanafaa, wala hakuna haja ya kihami kati yake.

Kwanza ni vipimo. Kipimo kinachotumiwa sana duniani ni moja kwa 87. Reli ya Dar es Salaam ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo ya mezani huwa milimita 16.5. Kichwa cha treni cha mita 20 huwa sentimita 23. Waya mgumu wa chuma ulionyoshwa hufaa kuwa reli, ukipigiliwa juu ya mataruma ya mbao.

Kila gurudumu hutengenezwa kwa washa mbili, yaani vile vibapa vya mviringo vinavyokaa chini ya nati. Ndogo hukanyaga reli, na kubwa huwa ukingo wa ndani. Hulehemiwa pamoja kwenye msumari uliokatwa kichwa. Gundi haifai hapa, kwa sababu huzuia umeme.

Mota hutafutwa kwa fundi wa redio, katika vyombo vilivyokufa. Wengi huichukua ya kaseti, lakini ina kasoro mbili. Nyingi zina kidhibiti mwendo ndani yake, hivyo hazirudi nyuma hata nyaya zikibadilishwa. Tena huzunguka kama mara 2,400 kwa dakika. Ikifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la kipenyo cha milimita 12, garimoshi litakwenda mita 1.5 kwa sekunde. Mwendo huo ukizidishwa kwa 87 ni kama kilomita 470 kwa saa, hali treni za Dar es Salaam zimewekewa kikomo cha 160. Iliyo bora ni mota ndogo inayofungua sahani ya mashine ya CD au DVD. Hiyo hurudi nyuma nyaya zikibadilishwa, tena huja na mkanda wa mpira na magurudumu ya meno ya kupunguza mwendo.

Mkono wa juu hukunjwa kwa waya wa shaba na kusukumwa juu kwa springi ya kalamu. Utenganishwe na bodi ya bati kwa kipande cha mbao. Waya mmoja wa mota huungwa na mkono huo, na wa pili na bodi inayogusa ekseli. Waya wa juu waweza kutoka katika transfoma mbovu, lakini shaba yake imepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Isipokwanguliwa kwa msasa, garimoshi halitatikisika. Shaba isiyojulikana ilikotoka isinunuliwe kamwe, kwani huenda imekatwa kwenye nguzo za umeme wa umma.

Wazazi wazingatie hatari. Umeme wa nyumba usitumiwe hata kidogo. Betri za taa za wavuvi nazo zisikaribie meza hiyo, kwa kuwa waya wa juu ukigusa reli, betri hizo huweza kuuwasha moto papo hapo. Betri nne za tochi za volti 1.5 zinatosha. Kati ya betri na waya wa juu iwekwe balbu ya kiashirio cha pikipiki, ile yenye uzi ndani. Nyaya zikigusana balbu itawaka, nayo itazuia umeme usizidi.

Burundi haijapata kuwa na reli, lakini mwezi wa Agosti 2025 uzinduzi wa ujenzi wa reli ya Uvinza hadi Musongati ulifanyika. Reli hiyo itahitaji watu wa kuiendesha na wa kuitengeneza. Mtoto aliyekwisha kutafuta kwa vidole vyake mahali umeme ulipokatikia, mkononi, kwenye gurudumu au kwenye reli, atakuwa ameanza kujifunza kazi hiyo. Aanze na mita moja ya reli, na redio ya nyumbani isifunguliwe bila ruhusa ya mwenyewe.